Siri za Namba (3): Kibera na milioni yake

Wiki iliyopita tuliishia kwenye namba tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Leo tuzipeleke kazini.

Kwa miaka mingi tuliambiwa Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ina watu milioni moja. Wengine walipandisha hadi mbili. Kisha yakaja matokeo ya sensa ya 2009: 170,070. Ubishi uliozuka hapo haujaisha hadi leo.

Tuzipasue namba hizo. Milioni ni 2 sita na 5 sita zilizozidishwa pamoja; huikuti tasa nyingine ndani. Sasa kusanya, kuanzia 1 hadi 1,000,000, namba zote zisizo na tasa ila 2 na 5, ukiitia na 1 yenyewe. Utapata 100 kamili. Mia katika milioni! Hesabu ya kweli ya watu haijali kwamba tuna vidole kumi, na kuangukia humo ni bahati ya moja kwa elfu kumi. Ndiyo maana namba ya aina hiyo hunitia shaka hata kabla sijauliza imetoka wapi. Mwenye duka pale Ayany, Kibera, akikuambia unadaiwa "kama elfu hivi", anakisia. Akifungua daftari atakusomea 937, na mkate wa Jumanne umo.

170,070 je? Ni 2 × 3 × 5 × 5,669, na 5,669 ni tasa. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kuigawa kwa tasa za kuanzia 2 hadi 73 basi, kwani 76 × 76 tayari imeipita. Tarakimu za 170,070 zikijumlishwa ni 15, na hiyo 15 huigawa bila baki. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni hiki: karani angeandika mtu mmoja zaidi, kitoto kichanga tu, tungepata 170,071, inayosomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia. Na kila namba ya namna hiyo yenye idadi shufwa ya tarakimu hugawika kwa 11, maana kila tarakimu iliyo nafasi ya witri ina pacha wake nafasi ya shufwa. Hii ni 11 × 15,461.

Nisieleweke vibaya. Upasuaji huu hauthibitishi kwamba sensa ilihesabu sawasawa. Karani huweza kuruka nyumba, na mwongo makini naye anajua kuandika namba yenye 5,669 ndani. Kipimo chetu humnasa anayekisia kivivu tu.

Sensa ya 2019 ilipata watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, Ayany ikiwemo. Mipaka si ileile, kwa hivyo usitoe ya 2009 kutoka kwa hii. Ila ikate penye koma: 185 ni 37 × 5, na 777 ni 37 × 21, basi nzima ni 37 × 5,021. Kwa nini 37 huzigawa 111, 222, 777 na ndugu zao wote, hiyo ni ya wiki ijayo.