Mawimbi ya kutupwa yaligeuka mali

Bazee betu ba kambi bangali banakumbuka radio ya lampi. Uliifungua, ulingoja kidogo lampi zipate moto, njo sauti ilitoka. Kijana wa leo anaona ile ni kintu cha zamani tu. Lakini mu inchi nyingi kungali bantu benye kujenga radio yao benyewe, ya kutuma na ya kupokea, kwa lampi za zamani, bila mushahara. Banaitwa baradioamateri. Historia yao inafaa kwa kila mufanyakazi.

Kazi ya lampi haiko nguvu kueleza. Ndani ya kioo balitoa hewa yote. Uzi mwembamba unapata moto na kutoa chembe za umeme, zinakimbilia bamba ya chuma. Katikati kuko wavu. Umeme kidogo ku wavu unatawala umeme mwingi wenye kupita. Ni kama robine: mukono mumoja tu, na mai ya bomba nzima inatii.

Mu 1914, kati ya vita, jeshi la Ufaransa lilitafuta lampi nzuri. Kolonele Gustave Ferrié alipeleka kazi ku kiwanda cha taa za umeme mu muji wa Lyon. Bafanyakazi ba taa njo balitengeneza lampi TM. Vita ilipoisha, lampi nyingi zilifika mu mikono ya raia.

Sasa, kule Marekani, sheria ya 1912 ilikuwa imebaambia baradioamateri: nyinyi mubaki ku metri 200 na chini. Mawimbi marefu ni ya jeshi na makompani. Bainjinia mingi balifikiri mawimbi mafupi hayana faida, hayafike mbali. Kwa kifupi, balibapa takataka.

Bale bantu balizungusha nyuzi za shaba, balitoboa mbao, baliunguza lampi, balianza tena. Na habakuficha: mwenye kupata mupango muzuri aliuchapisha mu gazeti, wenzake nabo bajenge. Mu 1923 Mufaransa mumoja wa Nice, Léon Deloy, alivuka bahari kwenda kujifunza kwa wenzake ba Marekani. Alirudia kwake, akatengeneza mashini yake upya. Tarehe 28 Novemba 1923, kwa alama za Morse na mawimbi ya metri karibu 110, aliongea na Fred Schnell wa Connecticut, kilometri zaidi ya 6 000. Schnell alimujibu. John Reinartz naye akajibu usiku ule ule. Ilikuwa mara ya kwanza baradioamateri ba Ulaya na ba Marekani kuongea na kujibiana.

Juu ya nini yalifika? Juu kule mbinguni kuko tabaka yenye kurudisha mawimbi mafupi chini. Muingereza Edward Appleton alihakikisha ile tabaka mu 1924, mwaka mumoja nyuma ya kazi ya Deloy.

Hapa musikilize vizuri. Takataka ilipoonekana mali, baleta na makompani balirudi kuitaka. Mu 1927, ku mukutano wa Washington, mawimbi mafupi yaligawanywa. Baradioamateri balipoteza nafasi mingi. Lakini habakufukuzwa: balipata vipande vyao vidogo, vyenye kutambuliwa mu sheria ya kimataifa, na mupaka leo beko na nafasi. Habakufika pale kila mutu na lampi yake. Balikuwa na mashirika, na mu Aprili 1925, kule Paris, balikuwa bamekwisha kuunda muungano wa inchi mbalimbali.

Neno moja la usalama kwa kijana mwenye kutaka kujaribu. Lampi ya kutuma inaomba volti 300, 400, hata zaidi, na kondensateri inabeba umeme hata nyuma ya kuzima. Kata umeme, toa ule uliobaki, pima, njo uguse. Ni sheria ya ku mine: usiamini mashini juu imenyamaza.

Na sisi ba Katanga tunajua hadithi ya remblai: jana uchafu, leo banaitafutia shaba na kobalti. Kintu banakutupia, kifungue, ukijue, umuonyeshe mwenzako. Na musingoje benye nguvu barudi njo muanze kuandika majina ya bamemba.