Umeme Usiouzwa kwa Robo

Simu inapochajiwa kwa mkondo wa ampea moja, elektroni zaidi ya trilioni milioni 6 hupita kwenye waya kila sekunde. Chaji ya kila moja inajulikana kwa usahihi wa ajabu, na ujuzi huo ulianzia kwenye matone ya mafuta.

Mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kuwa ndani ya atomu mna chembe ndogo zenye chaji hasi, yaani elektroni. Alichopima ni uwiano wa chaji hiyo na uzito wa chembe. Chaji yenyewe ilibaki jambo la kukadiria.

Kuanzia 1909, Robert Millikan na mwanafunzi wake Harvey Fletcher walishughulikia suala hilo katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Walipuliza mafuta kwa kichupa cha manukato, yakawa matone madogo mno, yakaingia kati ya mabamba mawili ya metali. Kupitia darubini ndogo, kila tone lilionekana likimetameta na kushuka polepole. Kasi yake ilifichua uzito wake. Umeme ulipowashwa, tone lenye chaji lilisimama hewani au likapanda juu, na kasi hiyo mpya ilitosha kukokotoa chaji yake. Ghafla tone lingebadili mwendo, kwa kuwa lilikuwa limenasa au kupoteza chaji.

Hesabu zilileta jibu lile lile: chaji ya kila tone ilikuwa mara mbili, mara tano au mara tisa ya kiasi kimoja cha msingi, yaani chaji ya elektroni moja. Mara mbili na nusu haikuwapo.

Millikan alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923. Makala ya 1910 kuhusu majaribio hayo ilikuwa na jina lake peke yake, na hilo halikuwa haki: Fletcher alistahili kutajwa.

Vipande vya kiasi hicho cha msingi vipo, ila vimefungiwa ndani ya chembe za kiini cha atomu, yaani protoni na nyutroni. Mwaka 1964, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walipendekeza kuwa protoni imeundwa kwa chembe ziitwazo kwaki: mbili zenye theluthi mbili chanya, na moja yenye theluthi moja hasi. Jumla ni moja kamili. Nyutroni ina moja ya aina ya kwanza na mbili za aina ya pili. Jumla ni sifuri. Hakuna kwaki iliyowahi kukutwa peke yake.

La kustaajabisha zaidi ni ulinganifu. Protoni ni nzito mara 1,836 kuliko elektroni, lakini chaji zao zinafutana kabisa. Mwanafizikia Richard Feynman aliwaeleza wanafunzi wake kwamba watu wawili waliosimama karibu, kila mmoja akiwa na elektroni asilimia moja tu zaidi ya protoni zake, wangesukumana kwa nguvu ya kuinua mzigo wenye uzito wa dunia nzima. Hadi leo hakuna nadharia iliyothibitishwa kwa majaribio inayoeleza kwa nini chaji hizo mbili zinalingana.