Mvita: Je, ni Jina la Vita au Jina la Mtu?

Mji wa Mombasa una majina mawili, nayo hayatumiwi mahali pamoja. Katika tikiti za safari, katika ramani na katika barua za ofisini huandikwa Mombasa. Bali mshairi atakapo kuusifu mji huo, au mzee atakapo kueleza asili ya ukoo wake, hutaja Mvita. Mgeni wa kutoka bara akiuliza maana yake hujibiwa upesi kwamba ni kisiwa cha vita. Jibu hilo hukaririwa shuleni na kwa watalii, nalo ni jepesi kukumbukwa. Lakini yafaa lichunguzwe, kwa kuwa likishikwa peke yake humsahaulisha mtu mmoja pamoja na kabila lake.

Vita havikanushiki. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji wakauchoma moto, na mwaka 1528 Nuno da Cunha akauchoma tena. Mwaka 1589 yalikuja mabaya zaidi: merikebu za Wareno zilikuwa baharini, na Wazimba wakavuka kutoka bara wakawaua watu wengi mno. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na ngome hiyo ikazingirwa na Waarabu wa Omani tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miaka mitatu, watu wakifa ndani kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kisha Mazrui wakashindana na Seyyid Said bin Sultan mpaka alipowatoa mwaka 1837. Mji wa namna hiyo ukiitwa wa vita, nani atashangaa?

Hata hivyo, kawaida ya lugha hailipokei jibu hilo kwa urahisi. Mtu wa Pemba ni Mpemba, na mtu wa pwani ni Mpwani. Vivyo hivyo, Mvita hulielekea zaidi jina la mtu kuliko jina la mahali. Mahali pa vita Mswahili angepaita kwa namna nyingine. Na ndivyo wasimuliavyo wazee wa Mombasa. Husema kwamba zamani mji uliitwa Gongwa, au Kongowea (jina ambalo limebaki bara ya kaskazini, ng'ambo ya kisiwa), na mtawala wake alikuwa mwanamke, Mwana Mkisi. Baada yake akaja Shehe Mvita, Mwislamu, na kwake yeye koo za wenyeji hurudisha nasaba zao. Kwa masimulizi hayo jina lilikuwapo kabla ya merikebu ya kwanza ya Wareno kuonekana.

Kuna na ushahidi mwingine. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa. Katika yale tisa mengine wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Kama Mvita ingekuwa sifa ya vita tu, Wakilindini nao wangejiita Wamvita, maana mapigano hayakuwapita. Lakini hawakufanya hivyo. Wao ni Wakilindini, na Mmvita ni mtu wa taifa lake. Kwa hiyo mtu akiwaita wenyeji wote wa kisiwa Wamvita, wazee wataona mara moja kwamba hakufundishwa.

Katika ushairi mambo huwa mapana zaidi. Wengine hudhani kwamba washairi hupenda Mvita kwa ajili ya mizani, lakini sivyo: Mombasa ina mizani tatu na Mvita ina mizani tatu. Kinachobadilika ni kina, na zaidi ya kina, uzito wa neno. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliishi zama za Mazrui, wakati Mombasa ilipogombana na Lamu na Unguja, naye alitumia Mvita na Gongwa pia. Kwa mshairi wa zama zile, sauti ya vita iliyomo ndani ya jina ilikuwa faida. Hakulazimika kuchagua baina ya babu na mapigano, aliweza kuwataja wote kwa neno moja.

Desturi hiyo haikukoma. Diwani ya Ahmad Nassir iliyotolewa mwaka 1971 iliitwa Malenga wa Mvita. Malenga wa Mombasa angeweza kuwa mtu ye yote akaaye mjini. Malenga wa Mvita ni mtu wa lugha ya pale, yaani Kimvita, ambamo kichwa ni kitwa na macho ni mato. Ajabu ni kwamba mkutano wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika papo hapo Mombasa. Vitabu vya shule vikafuata Kiunguja. Kimvita kikabaki nyumbani na katika mashairi.

Siku hizi jina limeingia hata serikalini. Katika majimbo sita ya uchaguzi ya Mombasa, moja ni Mvita, lenye sehemu ya kisiwani, na mengine mawili ni Changamwe na Jomvu. Yote matatu ni majina ya mataifa ya kale, ingawa wengi wapigao kura humo hutoka koo nyingine kabisa.