Traktopeli ya marki isiyojulikana: bei iko chini, lakini piesi zitatoka wapi?

Picha inaingia kwenye telefone saa mbili ya usiku. Ni traktopeli ya rangi ya manjano, mipira ingali mizuri, na chini yake bei: dola 25 000. Mashini ya ukubwa ule ule ya JCB ao ya Caterpillar, ya miaka karibu ile ile, wanaiomba 40 000. Muuzaji iko Kampala ao Dubai, na anasema kuna muteja mwingine ambaye atalipa kesho asubui. Lakini jina lililoandikwa kwenye kapo, hakuna mutu katika kartye amekwisha kuliona.

Bei hizo ni mfano tu, kila mashini na yake. Lakini swali lenyewe ni la kila siku kwa wafanya biashara wa Butembo, Beni na Bunia. Na feza ya namna hiyo ni mara chache itoke kwa mutu moja. Ni ndugu watatu wamechanga, ao parseli imeuzishwa, ao kuna deni la koperative. Mashini ikilala, nyumba tatu zinasikia njaa.

Traktopeli ni ile mashini yenye beni kubwa ya kusukuma na kupakia mbele, na mukono wa kuchimba nyuma. Watu wanaipenda huku kwetu kwa sababu inafanya kazi mingi: kuchimba musingi wa nyumba, kufungua mifereji ya maji kando ya barabara, kupitisha tiyo, kupakia mucanga, kutosha udongo kisha mulima kuanguka. Ina uzito wa karibu tani 8, inachimba kiasi cha metre 4 kwenda chini, na inatembea yenyewe kwa mipira yake toka shantie moja mpaka ingine bila kukodi lori la kuibeba.

Watu wengi wanaona majina mawili ao matatu tu: JCB, Caterpillar, labda Case. Sababu iko. JCB ya Uingereza ilianza kutengeneza mashini hizi katika miaka ya 1950. Case ya Marekani nayo ni ya wakati ule ule. Caterpillar iliingia nyuma, katika 1985. Lakini kuna zingine ambazo si za mutoto: Hidromek ya Uturuki, ambayo ilianzishwa Ankara mwaka 1978, Venieri ya Italia, Terex, Fermec, na zile za China ambazo zinaongezeka kila mwaka. Kutojulikana Butembo hakumaanishi kwamba mashini ni mubaya. Kunamaanisha kwamba fundi wa Butembo hajaifungua.

Fermec ni mufano muzuri. Mashini hizo zilikuwa za Massey Ferguson, jina ambalo hata mukulima wa kijijini anajua. Mwaka 1992 kitengo hicho cha Manchester kikauzishwa, kikaitwa Fermec. Kisha kikanunuliwa na Case, kisha na Terex, na karibu 2017 kikaingia mukononi mwa Mecalac ya Ufaransa. Mashini ya ukoo moja, majina matano. Mutu ambaye anatafuta piesi ya Fermec na kuambiwa "hiyo marki ilikufa" angeweza kuipata kama angeomba ya Terex.

Lakini kuna kitu cha maana zaidi ya historia. Kampuni nyingi ndogo hazitengenezi mashini yote. Zinatengeneza mwili, mukono na kabini, kisha zinanunua viungo vizito kwa wengine. Injini mara mingi ni Perkins ya Uingereza, ambayo tangu 1998 iko mali ya Caterpillar. Buate ya vitesi na ponti ya mbele na ya nyuma, mara mingi ni Carraro ya Italia, ao ZF ya Ujerumani. Hidromek nyingi za aina ya 102 zinatembea na Perkins. Basi mununuzi anaweza kukuta mashini ya jina geni, lakini injini yake fundi wa pale barabarani amekwisha kuifungua mara kumi katika jenereta na katika trakta.

Na kinyume chake kiko: JCB inatengeneza ponti na buate zake yenyewe, na tangu 2004 injini zake pia. Hapo mutu angesema piesi zingekuwa ngumu. Hapana. Mashini ziko nyingi sana duniani, hata zinatengenezwa India tangu 1979, na kule India watu wanaita kila traktopeli "JCB" hata kama si yenyewe. Kwa hiyo kopi za piesi zake zimejaa kila soko. Umaarufu ndio unaleta kopi, na kopi ndiyo inaleta bei ya chini. Ubora wa kopi ni hadisi ingine.

Kwa hiyo jina la kwenye kapo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni: ndani ya mashini hii, viungo gani ni vya watu wengine, na viungo gani ni vya marki hiyo peke yake?

Vya kwanza havitishi. Filtre, mikanda, rulema, mipira, dinamo, vinapatikana kwa kulinganisha ukubwa na nambari. Tiyo za idroliki zinakatwa na kufungwa kwa mashini ya presha mujini. Joe za vereni zinatafutwa kwa kipimo, hapana kwa jina. Pini na bagi za mukono, fundi wa turu anazichonga, na huko Butembo wako ambao wanazichonga vizuri.

Vinavyotisha ni vya pili: bloku ya distributeri ambayo inagawanya mafuta, vyuma vya ndani ya buate kama si ya Carraro wala ZF, chuma kikubwa ambacho mukono wa nyuma unageukia, vioo vya kabini, na zaidi ya yote sanduku la elektroniki. Hicho kikikufa katika mashini ya marki ambayo haina muwakilishi Kampala wala Nairobi, piesi itaagizwa mbali. Ikifika Mombasa, ingali na zaidi ya kilometa 1500 mpaka Kasindi. Na barabara yetu ikifungwa kwa matope ao kwa usalama, piesi inalala njiani na mashini inalala shantie.

Hapo ndipo hesabu inapashwa kufanywa kwa karatasi, hapana kwa kichwa. Tuseme mashini inapangishwa dola 40 kwa saa. Kisha kutosha mazuti (mashini ya ukubwa huo inaweza kunywa lita 7 mpaka 10 kwa saa), mushahara wa shofere na mafuta ya kubadilisha, inabaki 20. Kwa masaa sita ya kazi, ni 120 kwa siku. Tofauti ya bei kati ya mashini mbili za pale juu ni 15 000. Gawanya kwa 120: ni siku 125. Maana yake, kama ile ya bei ya chini italala siku 125 zaidi ya ingine katika maisha yake yote, faida imekwisha. Siku 125 zinaonekana nyingi. Lakini piesi moja ya kungojea miezi miwili, mara mbili tu, na tayari ni siku 120. Na hapo bado kuhesabu muteja ambaye amechoka kungojea na ameenda kwa mwingine.

Kwa upande mwingine, kama injini, buate na ponti ni vya majina yanayojulikana, zile 15 000 ni feza ya kweli. Zinaweza kununua pompi ya akiba, joe zote, mipira mipya, na bado ikabaki ya kuanzia kazi. Mwenye kukataa mashini hiyo kwa sababu tu ya jina, naye amepoteza.

Kuna jambo la mazuti pia. Mashini za Ulaya zilizotoka kiwandani kuanzia karibu 2012 nyingi zina injini ya sindano za elektroniki, na zingine zina vichujio vya moshi. Injini hizo zinataka mazuti safi. Mazuti ya kwenye bido, ya kando ya barabara, yenye maji na vumbi, yanaziua sindano hizo haraka, na sindano moja ni bei. Kwa kazi ya huku, mashini ya zamani kidogo yenye pompi ya sindano ya kawaida, bila kompyuta, mara mingi ni rafiki muzuri zaidi kuliko ile mupya inayowaka taa za rangi zote.

Kisha, kwenda kuiona. Picha haitoshi, na video ambayo muuzaji amepiga injini ikiwa tayari na moto haitoshi pia. Mununuzi afike asubui, mbele injini haijawashwa, na aweke mukono juu yake. Kama iko na joto, wameiwasha mbele yake, na kuna kitu wanaficha: mara mingi ni kuwaka kwa shida. Ikiwaka baridi, moshi kidogo si ajabu. Moshi wa bluu usiokwisha ni mafuta ya injini yanaungua. Mweupe ambao haukwishi hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanaingia. Mweusi ni mazuti mingi ao filtre ya hewa imeziba, na huo ndio wa bei ya chini kati ya yote. Kifuniko cha mafuta kifunguliwe injini ikizunguka: pumzi ndogo ni ya kawaida, lakini kama inasukuma moshi kama sufuria ya maharagi, segma za pistoni zimechoka.

Konteri ya masaa isiaminiwe peke yake. Inabadilishwa kwa dakika kumi. Pedali ambazo kauchu yake imekwisha, kiti ambacho kimelala, na manivele ambazo zimekuwa laini kama kijiko cha zamani, hivyo haviwezi kusema uongo wa masaa 3 000.

Mashini ifanyishwe kazi saa moja nzima. Hapa wauzaji wengi wanakasirika, na hapa ndipo mununuzi asiwe na haya. Pompi ya idroliki iliyochoka inafanya vizuri mafuta yakiwa baridi. Yakipata moto, mukono unakuwa muvivu. Kisha saa hiyo, mashini isimamishwe kwa miguu yake ya nyuma, mukono uinuliwe, injini izimwe, na watu wangoje dakika kumi ao kumi na tano. Kushuka kidogo kunavumiliwa. Kama beni imefika chini mbele chai haijaisha, ni joe ao ni distributeri, na tofauti ya hizo mbili ni mamia ya dola.

Buate inapimwa kwa kusukuma beni ya mbele ndani ya udongo mugumu. Mipira izunguke ao iteleze. Kama injini inalia na mipira imesimama, buate imechoka, na hiyo ndiyo ingepashwa kumaliza mazungumuzo kama buate si ya jina linalojulikana. Mwisho, fasi ile mukono wa nyuma unageukia: beni ishuke chini, mukono usukumwe kushoto na kuume, mutu mwingine aangalie pini. Zikicheza, zinatengenezwa. Lakini nyufa zilizosudiriwa na kupakwa rangi ziangaliwe sana. Rangi mupya fasi moja tu, mashini ingine ikiwa ya zamani, inapashwa kukwanguliwa.

Mbele ya kutosha hata dola moja ya avansi, kuna kazi moja ambayo haiombi feza: kupiga picha za plaketi. Plaketi ya mashini, nambari ya injini kwenye bloku, na plaketi ndogo iliyofungwa kwenye ponti na kwenye buate. Mara mingi zimefunikwa na mafuta na udongo; kitambaa na mazuti kidogo zinatosha. Picha hizo zitumwe kwa wauzaji watatu wa piesi, wa Kampala ao wa Nairobi, na waombwe bei ya vitu vichache: pompi ya idroliki, pompi ya maji, disiki za buate, kardani ya ponti ya mbele, joe za vereni ya mukono. Muuzaji wa piesi hajali uzuri wa rangi. Akisema "iko hapa, bei ni hii" kwa vitu vinne juu ya vitano, jina la kwenye kapo halina tena uzito. Wote watatu wakijibu "tutaagiza", basi mashini hiyo ni ya 25 000 kwa sababu nzuri.

Fundi naye aulizwe mbele, hapana nyuma. Aende pamoja, alipwe siku yake, na alipwe na mununuzi, si na muuzaji. Na wakati wa kuuzisha tena usisahauliwe: jina lisilojulikana leo litakuwa halijulikani pia kisha miaka mitano, na mununuzi wa wakati ule ataomba kushusha bei vile vile.

Kuna wale ambao hesabu yao inasimama juu ya zahabu, Mambasa ao Mongbwalu. Wao wajue kwamba kodi ya madini ya 2002, iliyogeuzwa katika 2018, inasema uchimbaji wa artizanali unafanyika kwa vyombo visivyo vya industri. Traktopeli si chombo cha namna hiyo, na karte ya kreza haiifuniki.

Kuhusu duane, deklara wa Kasindi aulizwe mbele ya kulipa, apewe picha ya plaketi, mwaka wa mashini na fakturi. Bei ya Kampala si bei ya Butembo: kuna usafiri, kuna haki za duane, kuna TVA ya asilimia 16, kuna OCC. Na nambari ya plaketi ilingane na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Injini iliyobadilishwa bila kuandikwa kwenye karatasi inaweza kusimamisha mashini mupakani, na parkingi ya pale inalipwa kila siku.