Neno AID lina maana gani?

Basi la kutoka Muheza kwenda Amani hupita hapa kwetu Sigi. Katika mabasi mengi kuna sanduku dogo lililoandikwa kwa Kiingereza: FIRST AID. Wapo wanakisomo waliosoma maneno hayo wakaogopa. Walidhani ni sanduku la mambo ya UKIMWI. Leo tulieleze neno hilo.

AID maana yake ni msaada. Sisi tungelisoma "a-i-di", lakini Waingereza hutamka "eid". FIRST ni kwanza. Basi FIRST AID ni huduma ya kwanza, yaani msaada anaopewa mtu aliyeumia kabla hajafika hospitali. Sandukuni huwekwa bendeji, pamba, plasta na mkasi.

Tuseme mwenzetu amejikata kwa panga shambani, na hospitali iko mbali. Tukandamize jeraha kwa kitambaa safi, tusiachie, huku wengine wakitafuta usafiri. Hiyo ndiyo FIRST AID. Anayeliogopa sanduku hatalifungua, na damu haingoji.

AIDS ni neno lingine. Lina S mwishoni, na kila herufi yake inasimama badala ya neno zima. Hilo ndilo jina la Kiingereza la UKIMWI, nalo lilianza kutumika mwaka 1982.

Je, na HELP? Hilo nalo ni msaada, au kusaidia. Lakini HELP ni neno la kila siku. Jirani akikutwisha ndoo ya maji, hiyo ni HELP. Anayezama mtoni hupiga kelele, "Help!" Hawezi kusema "Aid!" AID ni neno la ofisini, hospitalini na serikalini zaidi.

Nchi moja ikiisaidia nyingine, msaada huo pia huitwa AID. Kwa mfano, miaka ya 1990 nchi ya Finland ilisaidia kazi ya kuhifadhi misitu yetu ya Usambara Mashariki. Mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Hapa tuwe macho. AID ya nchi na nchi si ya bure siku zote. Ile isiyorudishwa huitwa GRANT. Nyingine ni mkopo, ila riba yake ni nafuu. Mkopo kwa Kiingereza ni LOAN, na mkopo hulipwa.

Kwa hiyo, akija mtu kijijini na karatasi ya Kiingereza akasema, "Huu ni msaada, tieni sahihi," msikimbilie kalamu. Tafuteni kwanza neno LOAN. Mkiliona, muulizeni: Tutalipa kiasi gani? Riba ni ngapi? Mwisho wa kulipa ni lini? Tusipolipa, mtachukua nini? Hata msipoliona, ombeni karatasi isomwe yote kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Asiyeelewa asitie sahihi, wala asiweke dole gumba. Shamba likishawekwa rehani, kusema "sikujua" hakulirudishi.

Maswali ya kujadili darasani:
1. AID na AIDS zina tofauti gani?
2. Jirani akikusaidia kubeba kuni, utasema HELP au AID?
3. Kwa nini tutafute neno LOAN kabla ya kutia sahihi?