Jembe au Nyumba? Shauri kwa Anayepiga Kura Mara ya Kwanza

Mtu aendaye mnadani kununua ng'ombe hatoi fedha yake ovyo. Humtazama meno, humtazama kwato, humwuliza mwenye ng'ombe maswali mengi, tena huondoka kwanza akafikiri, ndipo arudi. Lakini mtu huyo huyo, siku ya kura ikifika, aweza kumchagua mtu wa kumsemea kwa miaka 5 kwa sababu tu amevaa vizuri, au kwa sababu ni shemeji yake. Je, ng'ombe mmoja ana thamani kuliko kijiji kizima?

Vijana waliotimiza miaka 18 na ambao hawajapata kupiga kura huuliza: Nitamjuaje anayefaa? Swali hili si jipya. Babu na bibi zetu wa Tanzania Bara waliulizana hivyo hivyo mwaka 1965, na yale waliyoyafanya yatufaa hata leo.

Wengi wao walikuwa hawajapata kuchagua mbunge hata mara moja. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mwenye ruhusa ya kupiga kura alikuwa mtu mwenye pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au mwenye elimu au cheo kilichotajwa na sheria. Mkulima wa kawaida alibaki nje. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu 3: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, lakini kati ya viti 71, wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa. Basi katika sehemu nyingi hapakuwa na kura ya kupiga. Mwaka 1962 palikuwa na uchaguzi wa Rais tu.

Ndipo ikaja Septemba 1965. Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuifanya TANU kuwa chama pekee cha Bara. Mtu angeweza kusema, “Kama chama ni kimoja, tutachagua nini?” Jibu lilikuwa hili: karibu kila jimbo lilipewa majina 2, yote ya wana-TANU, na wananchi wakaambiwa wachague mmoja. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Jembe hutupatia chakula. Nyumba hutuhifadhi na mvua. Mtu aweza kusifu alama hizo kutwa nzima, watu wakapiga vigelegele, asiwe amesema neno moja juu ya mgombea mwenyewe. Alama ni ya kumsaidia mpiga kura asikosee jina. Haimwambii mtu huyo ni mwaminifu au ni mwongo. Leo alama zimekuwa nyingi, pamoja na rangi, kofia, kanga na nyimbo. Kijana, vaa kanga ukipenda, cheza ngoma ukipenda, lakini usisahau kuuliza: Huyu chini ya kofia ni nani?

Somo la pili ni juu ya ukabila. Kanuni za mwaka 1965 ziliwataka wagombea wawili wahutubie mkutano mmoja, kwa Kiswahili, bila kutaja kabila, rangi wala dini ili kujipendekeza. Wananchi nao walionyesha kwamba waliielewa kanuni hiyo. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro. Derek Bryceson, Mzungu, alichaguliwa Dar es Salaam. Waliowapa kura walikuwa Waafrika kwa wingi wao. Kama wangetazama ngozi tu, watu hao wasingepata kitu. Basi yatupasa kujiuliza: ikiwa wazee wetu, miaka 4 tu baada ya Uhuru, waliweza kumchagua mtu asiyefanana nao, sisi tutasema nini tunapomkataa mtu mwema kwa sababu ametoka ng'ambo ya mto?

Somo la tatu: cheo si ngao. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, tena mtu mashuhuri katika vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba. Hata hivyo, mwaka ule wapiga kura wa Mwanza walimchagua mwingine. Hatusemi kwamba walifanya vema au vibaya. Twasema kwamba mpiga kura wa kijijini aliweza kumwondoa waziri bungeni, bila ngumi wala jiwe, kwa alama moja ya kalamu. Mbunge anayejua jambo hilo hurudi kijijini kusikiliza.

Uchaguzi ule ulikuwa na upungufu wake. Majina yale 2 yalipitishwa kwanza na wakuu wa chama, na asiyekuwa mwana-TANU hakuwa na mlango. Sheria ya vyama vingi ilikuja 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake ukafanyika 1995. Lakini chama kikiwa kimoja au 10, kazi ya kumpima mtu haiepukiki.

Basi kumpima ni namna gani? Tazama maisha yake kabla hajataka kura. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alipokuwa mwekahazina wa chama cha ushirika au wa kamati ya shule, hesabu zilisomwa? Huwalipa vibarua wake kwa wakati? Akiahidi kisima, mwulize fedha itatoka wapi na kazi itaanza lini. Mtu mkweli hataona haya kusema, “Hili siliwezi.” Na yule anayegawa sukari na noti usiku, mkimbie. Kununua kura ni kosa la sheria. Tena kilo ya sukari huisha kwa juma moja, na miaka 5 ingali mbele yako.

Neno la mwisho ni la nyumbani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Baba aweza kumshauri mkewe na watoto wake, na ni vizuri familia ikizungumza mambo haya baada ya chakula. Lakini kura ni ya siri, na sheria haikumpa mume kura 2. Mama anayetembea mwendo wa saa 2 kuchota maji anajua mambo ya kisima ambayo baba huenda hayajui. Binti aliyeacha masomo kwa kukosa ada naye ana lake la kusema. Waacheni wachague kwa dhamiri zao, na jioni msiwahoji.

Kwa hiyo, vijana, jiandikisheni mapema. Nendeni mkawasikilize wagombea wote, hata yule msiyempenda. Ulizeni, kisha mrudi nyumbani mfikiri. Na mkisha kuchagua, andikeni ahadi zake mahali, mzitunze. Atakaporudi baada ya miaka 5 kuomba tena, msomeeni.