Vishale vya Frankfurt, mkonge wa kwetu Afrika

Kila mwaka kuna Kombe la Dunia la vishale, ule mchezo tunaouita fleshete. Wengi hapa Bunia wanauona mchezo wa baa tu. Mimi niliyesoma agronomia nauangalia kwa jicho lingine, na leo nawaelezea kwa nini.

Kwanza tuelewe unavyochezwa. Kombe hilo lilianza 2010 kule Uingereza, na miaka hii linafanyikia Frankfurt, Ujerumani. Nchi 40 zinaingia, na kila nchi inaleta watu wawili tu. Nchi nne zenye nguvu zinangojea mbele. 36 zingine zinagawanywa katika vikundi 12. Mmoja anarusha vishale vitatu, mpinzani anarusha vyake, kisha mwenzake anaendelea pale alipoachiwa. Wanaanza na pointi 501 na kushuka mpaka sifuri kamili. Kishale cha mwisho lazima kiingie katika duara jembamba la nje, linalozidisha namba mara mbili, ama katikati kabisa ya ubao.

Hapo njo kuna hesabu. Mchezaji mwenye akili anamwachia mwenzake 32, juu 16 mara mbili inamaliza kazi. Kishale kikiteleza na kugusa 16 ya kawaida, inabaki 16, yaani 8 mara mbili. Kikiteleza tena vile vile, inabaki 4 mara mbili. Lakini ukimwachia 31, lazima atumie kishale kingine kwanza kutafuta namba inayogawanyika kwa mbili. Mwaka 2025 Ireland ya Kaskazini iliifunga Wales 10-9 katika fainali. Katika machi ya namna hiyo, namba unayomwachia mwenzako inaweza kuamua nani anabeba kombe.

Sasa tuangalie ubao wenyewe. Zamani ulikuwa wa mti, na ulipaswa kulowekwa majini ili usikauke na kupasuka. Miaka ya 1930, kampuni ya Uingereza inayoitwa Nodor ilileta ubao wa katani, yaani nyuzi za mkonge. Nyuzi zinakatwa fupi, zinasimamishwa na kubanwa kwa nguvu ndani ya duara la chuma. Kishale hakizikati, kinapita katikati yao. Ukikichomoa, tundu linajifunga lenyewe.

Mkonge asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo ukaenea Tanga, kisha Kenya. Na leo Nodor iko na kiwanda Kenya kwenyewe, karibu na Nairobi. Mbao za Winmau, zinazotumika katika mashindano makubwa ya dunia, zinatengenezwa huko.

Na Afrika haitoi ubao tu. Desemba 2025, katika mashindano ya dunia ya mtu mmoja mmoja kule London, David Munyua alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza. Kazi yake ni daktari wa mifugo. Alikuwa nyuma seti 2-0 mbele ya Mike De Decker wa Ubelgiji, akarudi akashinda 3-2.

Kwa sisi wa mashamba, mkonge huo uko na somo. Kenya ingeweza kuuza nyuzi kwenye marobota na kuishia hapo. Lakini sehemu ya nyuzi hizo inatoka ikiwa ubao tayari. Kakao ya Mambasa na Irumu yenyewe inatoka kwetu ikiwa mbegu kavu ndani ya magunia, na kazi ya kuigeuza inabaki kwa wengine. Kisha tunashangaa vijana wenye lisanse wanakaa bila kazi.

Kwa hiyo wewe unayeandaa memwari mwaka huu, pima mavuno kwa hekta, ni vizuri. Lakini ongeza sura moja: zao hilo likitoka shambani, nani analigeuza kuwa kitu, na kazi hiyo inaweza kufanyikia hapa kwetu namna gani? Nangojea majibu yenu.